Siku Niliyofagia kwa Meja Mfaume

Watu wa mtaa wetu hapa Ukonga wanasema Meja Mfaume alirukwa na akili mkewe alipougua. Waongo. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita, na kama kuna mtu aliyekuwa na akili zake timamu mpaka mwisho wa ugonjwa ule, ni yeye. Aliyefanya upuuzi ni mimi.

Mfaume ni mtoto wa Temeke. Baba yake alikuwa kuli bandarini. Aliingia jeshini kijana mdogo, akapelekwa kusomea urubani, na kwa miaka ishirini na nane akarusha ndege za mizigo za jeshi. Usidhani ni yale mambo ya sarakasi za angani siku ya gwaride. Yeye alibeba unga, matairi, askari wa likizo, wagonjwa, na mara nyingine majeneza. Siku moja nilimuuliza raha ya kuruka ni nini.

"Kutua, Mwalimu," akanijibu.

Mwalimu ni mimi. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na wachache mtaani wanakumbuka kwamba naitwa Vaileth.

Nyumbani alikuwa mwanamume wa aina yake. Ana mabinti watatu, na usiku wa kuamkia Idi aliwasuka yeye mwenyewe ili mkewe Mwajabu ashughulike na jiko. Alijua msuko mmoja tu, twende kilioni, kwa hiyo wale watoto walisherehekea kila sikukuu na twende kilioni kichwani. Wenzake walimcheka, rubani mzima kushika kitana. Hakuona haya hata kidogo. Aliporudi safari hakupitia baa wala kijiweni; alishuka kwenye ndege akaja kwa mkewe.

Mwajabu naye alikuwa Mzaramo hasa, na alikuwa na mwiko mmoja ambao hakuna aliyeweza kumtoa: msafiri hafagiliwi nyuma. Mumewe akiondoka, ufagio ulikaa nyuma ya mlango siku mbili, siku nne, hata wiki, na mti wa mkungu wa uani ukimwaga majani yake yale mapana kama sahani.

"Ukifagia unafuta nyayo zake, mwenzangu," aliniambia. "Sasa atarudije?"

Ndege yake ikipita juu yetu kwenda kutua, na aliijua kwa mlio, tulisikia ufagio unaanza kazi. Majirani tukaambiana: Mfaume katua. Mimi mtu wa Njombe nilimtania kwamba huo ni uvivu uliovishwa kanga. Alicheka, na hakubadilika. Na mumewe alirudi kila safari. Utamwambia nini mtu wa namna hiyo?

Mwezi wa tatu mwaka jana figo za Mwajabu zilishindwa kazi. Binti yao mkubwa, Farida, alikuja na gari kutoka Goba, wakampeleka hospitali. Gari lilipotoka getini nilimwona Meja, mzee wa miaka sitini na sita, anachukua ufagio anauweka nyuma ya mlango. Nikatikisa kichwa.

Daktari hakuwaficha. Alisema wamefika mwisho wa dawa. Meja alisikia na akaelewa, maana mtu aliyesoma mishale ya mafuta ya ndege maisha yake yote hajidanganyi. Hata hivyo kila alfajiri alipika uji wa mchele, akaufunga kwenye chupa, akaenda. Wauguzi walishamzoea, wakamwacha akae hadi saa sita mchana. Alimsuka Mwajabu nywele pale kitandani. Nilipokwenda kumwona nilikuta twende kilioni, mistari imenyooka, nikatoka nje nikalia.

Nyumbani hapakufagiwa. Majani yalifika kwenye ngazi za baraza, na ndani vumbi lilikaa juu ya kila kitu. Farida alikuja akasimama katikati ya uwanja.

"Baba, watu watakuja hapa. Tutawakalisha wapi? Mama mwenyewe angeona aibu."

"Mama yako hajatua," Meja akajibu.

Binti alikuja kwangu macho mekundu. "Mwalimu, msemeshe basi. Mie nimeshindwa."

Mimi sikumsemesha. Mimi nilifagia.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu Mwajabu apelekwe hospitali. Meja alikuwa hospitali, na ufunguo aliniachia mwenyewe, kwa kuniamini. Nilimaliza chai yangu, nikaingia saa tatu asubuhi na ufagio wangu. Nikafagia vyumba, baraza, uwanja wote, nikakusanya majani nikayatia moto. Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Nilijiona jirani mwema anayemaliza mambo ya kijinga.

Meja alirudi saa sita, nikamlaki. Alikuwa anaongea tangu getini, kabla hajainua macho.

"Mwalimu, Mwajabu hasemi tena. Tangu saa nne. Alikuwa ananiuliza kama mkungu umeanza kuzaa, akanyamaza katikati."

Kisha akauona uwanja. Aliifuata kwa macho michirizi ya ufagio mchangani. Hakunifokea. Laiti angenifokea! Aliweka chupa ya uji chini, akaenda kwenye rundo la majivu, akainama, akalishika kwa kiganja. Halafu akachukua mti mrefu wa kuangulia kungu, akaanza kuupiga mkungu. Aliupiga, na majani mabichi na makavu yakaanguka pamoja juu ya uwanja wangu msafi. Shati lilimlowa. Mtaa mzima ukatoka kuangalia, na hapo ndipo yalipoanza maneno ya wazimu.

Mwajabu alikufa siku tano baadaye bila kusema neno jingine.

Mwili uliletwa nyumbani kuoshwa. Wanawake walikuja mapema na fagio zao, Meja akawasimamisha barazani. Gari lilipofika getini alikwenda nyuma ya mlango, akatoa ufagio wa mkewe, akafagia. Alifagia toka baraza hadi getini, polepole, na gari likamsubiri. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza alisema, "Mwingizeni."

Baada ya hitima ya arobaini alikuja kwangu, akaketi, akakataa chai.

"Mwalimu, siku ile ulifagia saa ngapi?"

Mimi si mtu wa miiko. Nimefundisha sayansi miaka thelathini, na najua figo haziulizi habari za ufagio. Lakini nilishindwa kumwambia ukweli.

"Saa tano, Meja. Saa tano ilikuwa imeshapita. Mwajabu alikuwa ameshanyamaza."

Alinitazama kwa upole, vile anavyotazamwa mtoto aliyevunja sahani akaificha.

"Nilirudi saa sita," akasema. "Majivu yalikuwa yameshapoa."

Akasimama, akanishukuru kwa nia yangu, akaenda zake. Ufunguo wa nyumba yake hajaniachia tena.