Shahidi wa Ploti Yetu

Ndugu yangu Nzivo ni profesa wa kompyuta, lakini hapa mtaani Umoja anapanga foleni ya maji na mitungi yake miwili kama sisi wote. Mahakama humwita akaeleze yaliyotendeka ndani ya mashine. Mimi Syombua, dada yake mkubwa, ndiye humpigia shati pasi, maana mwanamume huyu akiachwa hivi hivi atatuaibisha.

Mwaka jana aliitwa na wakili wa jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mama Tobias, karani katika zahanati moja ya kibinafsi. Mtu alikuwa ameingia kwenye kompyuta ya kazini kwa jina lake, akabadilisha kipimo cha dawa katika faili ya mgonjwa ili kuficha kosa. Mama wa watu akashtakiwa. Akipatikana na hatia ni jela, na Tobias ana miaka sita tu. Nilimwambia Nzivo waziwazi kwamba akimwangusha huyu mama, asahau chakula changu.

Meneja wa zahanati, Muriuki, aliapa kuwa hakuna mwingine aliyejua neno la siri la karani huyo. Kisha ndugu yangu akapanda kizimbani. Kiongozi wa mashtaka akamuuliza kama mshtakiwa mwenyewe angeweza kubadilisha faili hiyo.

"Ndiyo," akasema Nzivo. "Angeweza."

Haki ya Mungu, nilitaka kumtupia kiatu. Mama Tobias aliinamisha kichwa. Lakini huyo ndiye ndugu yangu. Hata mchuzi wangu ukizidi chumvi, ataniambia mbele ya wageni.

Kumbe hakuwa amemaliza. Akasema kwamba yeye mwenyewe alilipata neno hilo la siri kwa kujaribu mara moja tu, bila utaalamu wowote. Akaliandika kwenye karatasi, ikapelekwa kwa hakimu. Hakimu akaisoma, akamrudisha Muriuki kizimbani, akamuuliza kazini humwitaje mshtakiwa.

"Mama Tobias, Mheshimiwa."

"Na jina lake mwenyewe?"

Muriuki akaomba kwanza aangalie orodha ya wafanyakazi. Neno la siri lilikuwa "tobias". Zahanati nzima ilikuwa ikilitaja kutwa kucha, kila mtu alipomwomba faili.

Wiki mbili baadaye Mama Tobias aliachiliwa. Siku hiyo Nzivo alibeba sufuria yangu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila hata kuniomba, akashuka nayo kwa Mama Tobias. Nikamfuata nikinung'unika. Alisimama mlangoni akamweleza kwamba yeye naye amemwamkia kwa miaka mitano, na jina lake alilisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mashtaka.

"Pole, Wanza," akamwambia.

Mahakamani Wanza hakuwa ametoa hata chozi moja. Pale mlangoni, sufuria ameshaipokea, alilia. Nami nikalia naye, kwa sababu hata mimi sikuwa nimewahi kumuuliza jina lake.