Komeo la Choo cha Mama

Baba yangu ni kinyozi, na wateja wake walishazoea kuachwa na kichwa nusu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu. Mama alikuwa akiita "Mzee!" kutoka ndani, Baba anazima mashine, anaiweka mezani na kuondoka bila hata samahani. Mteja anabaki anatazamana na kioo, upande mmoja upara, upande mwingine msitu. Wageni walifoka. Waliomzoea waliwaambia, "Tulia wewe, anampeleka mkewe haja."

Ndivyo ilivyokuwa. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, cha tangu nyumba inajengwa, saruji imemong'onyoka pembeni, na Mama magoti yalishamkatalia. Baba aliingia naye, akamshusha taratibu kwa mikono miwili, akageuzia uso ukutani, kisha akamwinua. Walipiga soga humo humo, na mara nyingine tulimsikia Mama akicheka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, na mimi ndiye niliyeelezwa naye ukweli.

"Naona aibu, mwanangu. Ananisikia kila kitu." Alishaanza kukwepa chai ya asubuhi ili asimwite.

Niliwaka! Nikamfuata Baba kibandani, mbele za watu, nikamwambia choo kile kitavunjwa, atake asitake.

"Kwani nani amekataa?" akaniuliza, wala hakuinua macho.

Fundi bomba akaja na choo cha kukaa, cheupe pee. Alivyovunja sakafu, vumbi liliingia hadi kwenye masufuria, na tukawa tunaazima choo cha jirani mpaka saruji ikauke. Alipomaliza akauliza kama kuna kingine. Mama, ambaye mbele ya mafundi hafungui mdomo, akasema, "Komeo. La ndani."

Mlango ule haukuwahi kuwa na komeo. Kwetu ukifika chooni unakohoa, na aliyemo anakujibu kwa kukohoa. Baba akalinunua komeo, akalifunga mwenyewe kwa bisibisi yake ya kurekebishia mashine, skrubu ndefu, akazikaza hadi mwisho.

Jamani, furaha aliyokuwa nayo Mama! Alikwenda na fimbo yake, peke yake, tukasikia komeo, ka! Baba akabaki amesimama nje.

"Toka mlangoni hapo, mzee, huna kazi?" Mama akapaza sauti.

Chai ikarudi, tena vikombe viwili. Wateja wakawa wananyolewa kichwa kizima kwa mkupuo, wakimtania Baba, "Umestaafishwa, mzee!" Naye alicheka. Ila mashine alikuwa anaizimazima katikati ya kichwa, akisikiliza.

Asubuhi ile mimi nilikuwa sokoni. Baba alimsikia Mama akipita na fimbo, akasikia komeo. Akaendelea kunyoa. Akakung'uta nywele, akamkalisha mteja mwingine. Kimya. Akausogelea ukuta, akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Hakujibiwa.

Alimwacha mteja na kichwa nusu, naye mteja akamfuata mbio, na shuka la kinyozi bado liko shingoni. Wakausukuma mlango kwa mabega. Lile komeo halikutoka hata kidogo. Ilibidi waupasue mlango wenyewe. Mama alikuwa ameangukia kati ya choo na ukuta, alishakata roho. Yule mteja alikuja mazikoni na kofia, kichwa chake bado nusu.

Daktari alisema ni moyo, kwamba hata mlango ungekuwa wazi isingesaidia kitu. Mimi nilimwamini. Baba hasikii la mtu.

"Ningeweka skrubu fupi," ananiambia mpaka leo.

"Baba, alitaka kujifungia mwenyewe. Wewe ndiye uliyempa hilo."

"Fupi tu zingetosha."

Inaniuma mno. Tumeweka mlango mwingine, hauna komeo, tumerudia kukohoa kama zamani.

Juzi nilikuwa napika, nikasikia mashine imezimwa. Baba akaingia na brashi yake ya shingo mkononi, akapita bila kuniona, akasimama mbele ya choo. Hapakuwa na mtu ndani. Akakohoa. Akasubiri kidogo, sikio limeelekea mlangoni, halafu akarudi kumalizia upande uliobaki.