Msuguano Nilioambiwa Niutoe

Kosa langu lilikuwa kutii.

Nilikuwa nasomea uzamivu wa fizikia Dar es Salaam, lakini hesabu nyingi nilizifanya nyumbani kwa mama, Dunda, hapa Bagamoyo. Mama ni fundi cherehani. Umeme ukikatika yeye aliendelea kukanyaga cherehani yake, mimi nikakaa namtazama.

Siku moja aliniuliza nasoma nini hasa. Nikamwambia nasoma sumaku isiyovuta hata sindano. Ndani yake kila atomi ni kisumaku kidogo kilichoelekea kinyume na jirani yake, basi nguvu zao zinafutana, nje hakionekani kitu.

"Sasa isiyovuta ina kazi gani?"

"Ukiitikisa, vile visumaku vinayumba kwa kasi ambayo sumaku ya kawaida haifikii. Watu wanataka kuitumia kwenye kompyuta za kesho."

"Haya," akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Kazi yangu ilikuwa kukokotoa jinsi kuyumba huko kunavyotulia. Milinganyo niliyopewa ilikuwa na msuguano wa kila kundi peke yake: atomi zilizoelekea huku, na zilizoelekea kule. Majibu yakakataa kulingana na vipimo vya maabara. Miezi ikapita hivyo. Kisha nikaongeza msuguano baina ya makundi yale mawili, na mchoro wangu ukapita katika kila kipimo cha maabara. Nilimkumbatia mama akiwa na pini mdomoni.

Nikampelekea msimamizi wangu rasimu. Aliisoma mimi nimesimama.

"Hiki kipande umekitoa wapi?"

"Nimekifikiria mwenyewe, Profesa."

"Basi kitoe. Watahini watakurarua."

Nikakitoa. Tasnifu ikapita, ikiwa na majibu yasiyolingana na vipimo, pamoja na kurasa mbili za kuyatetea.

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha sekondari hapa Bagamoyo nilipoikuta makala ya msimamizi wangu. Kipande kilikuwa kile kile, hata herufi nilizoyapa makundi mawili hakuzibadilisha. Mwishoni alinishukuru kwa mazungumzo.

Nikapeleka malalamiko chuoni. Kwenye kikao Profesa aliongea kwa upole, kama mzazi.

"Tasnifu yake hii hapa. Nionyesheni ukurasa."

Ukurasa haukuwepo. Rasimu nilimpa kwa karatasi, ikabaki kwake, na kompyuta yangu ya wakati ule ilikuwa imeshaungua. "Binti huyu ana kipaji," akaongeza, "ila kumbukumbu zimemchanganya." Mwenyekiti akafunga jalada.

Nilirudi nikamsimulia mama yote. Hakumlaani mtu.

"Alikwambia utoe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukatoa."

"Nikatoa, mama. Alikuwa profesa."

"Mimi mteja akiniambia nikate pasipokatwa, namrudishia kitambaa chake."

Nilitaka anionee huruma. Siku kadhaa baada ya hapo nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi, tukaishia hapo. Hasira yangu yote ilimwangukia yeye kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu alisema kweli.

Majuzi nimesoma makala ya watafiti wengine. Msuguano ule sasa wanauita kwa jina la msimamizi wangu. Katika mlinganyo wa tatu wamekosea alama, wameweka kujumlisha palipotakiwa kutoa. Nililiona kosa mara moja. Sikumwandikia mtu.