Jina Nililoliandika kwa Woga

Admin, nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, Muorma wa Garsen, na tangu Jumatatu sina amani. Naogopa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa juzi tu, nilifanya kazi ofisi ya mradi wa misaada hapa Garsen. Tulikuwa na kompyuta moja ya Unix, skrini tatu, kila mtu na akaunti yake. Fundi wa Mombasa aliniachia mimi neno la siri la msimamizi mkuu, akaunti ambayo mashine haiikatalii kitu. Orodha ya familia za Wenje zilizokumbwa na mafuriko iliruhusiwa kuandikwa na kikundi cha watu wawili tu, majina yao yakiwa yameingizwa kwenye mashine. Wengine tuliweza kuisoma tu.

Akaja karani mpya, mtu mzima mpole. Fundi akaniambia kwa simu nimwingize kwenye kikundi, niandike jina lake, basi. Kumbe jina lake ndilo la baba mkwe wangu. Kwetu mke hatamki jina la mkwe, na mimi hata kuliandika vidole viligoma. Nimweleze fundi, anicheke? Nikaona njia rahisi ni kuifungua orodha, na folda yake nzima, ili kila mtu ofisini aweze kuandika. Nikajiona mjanja kweli.

Wiki haikuisha, orodha ikafutika. Mpaka leo sijui ni mkono wa nani, na nakala hatukuwa nayo. Boti ya unga ikazuiliwa hadi watu waandikwe upya, na kule Wenje watoto wakalala njaa. Meneja akamwita fundi aje kukagua.

Hapo ndipo shetani aliponiingia. Kabla fundi hajafika nilifunga kila nilichofungua, kisha nikaliandika lile jina ndani ya kikundi, ionekane lilikuwemo tangu siku niliyoagizwa. Heshima ilinizuia, woga ukaniamuru. Fundi alikuta watu watatu wenye ruhusa ya kuandika. Wale wawili wa mwanzo walikuwa safarini Bangale wiki nzima. Akabaki yule karani, akafukuzwa siku hiyo hiyo huku akiapa kwamba hakuwahi kuruhusiwa kuandika chochote. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka huu binti yangu ameniletea mchumba, kijana mzuri, mcha Mungu. Jumatatu baba wa kijana akanipigia simu, na sauti ya yule karani niliijua kabla hajajitaja.

"Binti yangu, Ijumaa tunakuja kuposa," alisema taratibu. "Lakini kwanza utaniambia, siku ile jina langu liliandikwa na nani?"

Nikakata simu. Binti yangu hajui lolote, anashona gauni na kuimba. Nikisema ukweli, huenda posa ikavunjika na mwanangu asinisamehe. Nikinyamaza, binti yangu atampa heshima mkwe ambaye mamake alimwangamiza, na jina lile naye hatalitamka. Ijumaa ni keshokutwa. Nyinyi mnaonisoma, mngekuwa mimi, mzee akishaketi mkekani na kuniuliza tena, mngemjibu nini?