Spika Inayosema Rara

Tangu tumzike mama sikuwa nimelia. Majirani wa Chwele walinitazama mazishini kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima, na sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilijiona hivyo hivyo. Nilipika, nikaosha sufuria, nikarudi Kitale kazini. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Sauti yake ilibaki kwenye simu yangu tu, katika ujumbe mmoja mfupi. Kila nilipousikiliza, simu ilimfanya mwembamba, akawa mtu mwingine. Nikaamua kununua spika na amplifaya, nizipeleke nyumbani kwa baba, tumsikie mama sebuleni kwake kama alivyokuwa. Labda hapo ningelia. Sikuwa na sababu nyingine, maana muziki wenyewe siupendi.

Duka nililoingia Kitale lilikuwa limejaa spika hadi mlangoni. Muuzaji, mwanamume wa rika langu, aliniwashia woofa iliyotikisa vioo vya kabati.

"Sikia hiyo besi, madam! Na hii hata jirani atahama, bana."

"Sitaki jirani ahame. Nataka kusikia mtu akiongea."

Nikampa simu, akaichomeka kwa waya. Mama akatoka kwenye woofa akinguruma: "Nimepiga hukushika. Hapa ni mvua tu. Haya, lala salama."

"Si yeye," nikasema.

Akaleta spika mbili ndogo za mbao, zisizo na taa za kumetameta, akaziunganisha na amplifaya ya kawaida tu. Mama akasema tena:

"Haya, rara sarama."

Muuzaji akakunja uso, akaanza kuzungusha hapa na pale. "Ngoja, madam, hii ina shida. Si unasikia inakwaruza? Ati 'rara'. Wacha nipunguze hizo sauti za juu."

Akapunguza, na mama akasema "lala" kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Irudishe ilipokuwa," nikamwambia. "Huyo ni Mbukusu. Hajawahi kulala maisha yake yote, alikuwa akirara tu."

Alicheka hadi akashika meza. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, nikamwomba anifungie mzigo.

Jumamosi jioni niliziweka spika zile sebuleni, kila moja upande wake wa kiti cha mama. Baba alikuwa amejilaza chumbani na sikuwa nimemwambia lolote, kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza. Nikawasha. Alisikika vizuri mno, hata pumzi aliyovuta kabla ya kuniaga. "Haya, rara sarama." Nikangoja machozi. Hayakuja. Nikabaki nikitazama vitambaa vya makochi, nikiona nimejisumbua bure.

Ndipo baba akajibu kutoka chumbani, kwa sauti nzito ya usingizi, vile alivyomjibu kila jioni tangu nipate akili.

"Na wewe pia. Umefunga kuku?"

Nikasikia kitanda kikilia, baba akiinuka na kukaa. Hakutoka.

"Naenda kuwafunga, baba," nikasema.

Nikazunguka nyuma ya jikoni. Kuku wote tuliwachinja wakati wa matanga, hakubaki hata mmoja. Nikafunga mlango wa banda lile tupu, nikatia komeo, nikalia nikiwa nimelishika.