Mjomba Kati ya Kabati na Pazia

Dada yangu nyumbani tunamwita Profesa, ingawa bado ni mwanafunzi na miwani yake imeshikiliwa na gundi. Utafiti wake ulikuwa wa kuifundisha kompyuta maana za maneno. Alituomba ruhusa, akawa anaacha simu inarekodi maongezi yetu ya nyumbani, na mimi, mwenye diploma iliyoishia njiani, nikapewa kazi ya kuyaandika.

"Kompyuta haijui maana," alinieleza. "Inaangalia tu neno linatembea na nani."

"Kama mama na marafiki zangu."

"Hivyo hivyo."

Jumamosi asubuhi ramani ya maneno ikawa tayari: kila neno nukta, yanayofanana yamekaa pamoja. Chai na sukari, sawa. Jirani na kelele, sawa kabisa. Kisha nikaona "babu", aliyezikwa zamani, ameketi katikati ya anasema, anapenda, anakataa. "Mjomba" alikuwa upande wa pili, kati ya kabati, pazia na godoro.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa chumba cha pili, hai. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na upande mzima wa kulia, nasi tukajiamulia kwamba na akili imeondoka. Siku hiyo ndiyo tuliyopanga kumhamishia stoo, chumba chake apewe mpangaji.

Nikacheka. "Mashine yako imelewa."

Profesa hakucheka. Aliendesha programu upya; mjomba akarudi palepale. Akafungua maandishi niliyoyaandika kwa mikono yangu mwenyewe. Mgeuzeni mjomba. Mfunikeni mjomba. Msogezeni mjomba tufagie. Huku babu bado anakataa watu wachelewe kula! Ng'ambo ya ukuta nikasikia pumzi ikivutwa taratibu, kama ya mtu anayesikiliza.

Tukampelekea kompyuta kitandani, ile ya kugusa kioo, ramani ikiwa wazi.

"Shikamoo, mjomba," alisema Profesa. Sikukumbuka mara ya mwisho mtu kumwamkia.

Macho yake yalikuwa darini, kama kawaida. Yakashuka. Kidole cha mkono wa kushoto kikainuka, kikatafuta, kikagonga "stoo". Kisha kikatambaa kioo kizima, polepole, hadi kwenye "anakataa". Kikagonga tena.

Mama akaingia na funguo za stoo. "Mnamchezea nini mjomba wenu?"

"Anasema hataki kuhama," nikamjibu.

"Nani anasema? Acha utani wako."

"Mama, safari hii sina utani. Mwangalie."

Kidole kikagonga "anakataa" tena. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kaka," akanong'ona, "muda wote huu unatusikia?"

Kikatambaa hadi "ndiyo", kikagonga.

Mpangaji akaambiwa chumba kina mtu. Sisi tukabaki pale, kila mmoja akijaribu kukumbuka yote aliyowahi kuyasema humo ndani.