Sare ya Likizo Ndefu

Sketi ilikuwa ya kijani, ya marinda, na kusema kweli haikuwa yangu. Niliivaa karibu miaka miwili baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa nimesimama nyuma ya gunia la omena, dagaa wa ziwani, sokoni Uriri. Mpaka leo, nikiwa kwenye vikao ambako watu wanajadili namna ya kuwafikisha wasichana wa kwetu chuo kikuu, mawazo yangu hukimbilia sketi hiyo kabla ya kufika kwenye mikopo na mabweni. Wenzangu huniona natabasamu peke yangu. Siwaelezi, maana hadithi ni ndefu na wao wana haraka ya chai.

Vijana wa leo hawajui kungoja kwetu. Miaka ile ya tisini, ukipita mtihani vizuri hukwenda chuo kikuu, ulikwenda nyumbani. Vyuo vilikuwa vimejaa waliotutangulia, nasi tukaambiwa tusubiri zamu yetu ifike. Kwa mvulana, kungoja kulikuwa kero tu. Angekata miwa, angefundisha shule ya msingi bila cheti, angekaa dukani kwa mjomba. Kwa msichana kungoja kulikuwa hatari. Mwaka wa kwanza watu walikupongeza, na wa pili wakaanza kuuliza kama kweli ulipita.

Nilisoma shule ya bweni huko Homa Bay, mahali ambapo ziwa lilionekana kupitia madirisha ya darasa na harufu ya samaki ilitufuata hadi kwenye mtihani. Rafiki yangu mkubwa alitoka Ntimaru, Mkuria peke yake katika darasa letu. Alipoletwa kidato cha kwanza hakujua neno la Kijaluo, nami sikujua la Kikuria, kwa hiyo urafiki wetu ulianzia kwenye Kiswahili, tena Kiswahili cha kubahatisha ambacho kila mmoja wetu alikiokota sokoni kwao. Hesabu zilimwogopa. Mimi niliziogopa, naye akawa ananichorea pembetatu kwenye vumbi nyuma ya jiko, ananifokea nikikosea, kisha ananigawia nusu ya mkate wake. Nikipata hata leo harufu ya kuni mbichi zikifuka, namkumbuka, na moyo unalainika.

Wiki ya mwisho shuleni nilichoma sketi yangu kwa pasi ya makaa, tundu kubwa nyuma, mahali pabaya kabisa. Yeye alikuwa nazo mbili. Moja alikwisha kumwachia msichana wa kidato cha kwanza, kama wafanyavyo waliomaliza. Ya pili, iliyokuwa nzuri zaidi, aliikunja akanitupia kitandani.

"Chukua," alisema. "Mimi naenda nyumbani, nani ataniangalia?"

Tukaagana kwamba tutakutana chuo kikuu, siku ya kujisajili, na atakayefika kwanza amshikie mwenzake kitanda karibu na dirisha.

Mama yangu aliuza omena. Alizifuata Homa Bay na kuziuza Uriri kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na mkono wake ulipokuwa ukipima hakukuwa na mteja aliyethubutu kumwambia aongeze. Yeye mwenyewe alitolewa shule akiwa darasa la sita, akaolewa. Hakuwa mtu wa kulizungumzia jambo hilo. Lakini siku moja nilimwona ameshika kitabu changu cha historia, amekifungua katikati, anapitisha kidole chini ya mistari, na aliponiona alikifunga haraka akaniuliza kama nimewapa kuku maji.

Siku yangu ya kwanza sokoni baada ya mtihani nilivaa gauni la maua. Kabla ya adhuhuri, wanawake wawili tofauti walikuwa wameshamuuliza mama kama huyu ndiye yule binti wa shule, na amekua kweli. Mama alijibu vizuri tu. Tulipofika nyumbani aliweka gunia chini.

"Kesho vaa sare," akasema.

"Mama, nimemaliza shule."

"Nani amekuambia umemaliza? Uko likizo."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa. Tangu siku hiyo sikutoka nje ya boma letu bila sketi ya kijani, blauzi nyeupe na soksi zilizovutwa hadi magotini. Vijana waliopakia mizigo sokoni walinikejeli. "Madam wa form ten," waliniita. "Mtihani ni lini, madam? Ama bado unarudia nursery?" Nilimchukia mama wiki nzima nzima. Nilikuwa na umri wa kusimama na wanawake wenzangu, nami nimevalishwa kama mtoto anayetumwa chumvi.

Sisi ni Waadventista, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, mama aliwasha makaa ya pasi na kunisimamia nikinyoosha marinda, moja baada ya jingine. Kesho yake nilikaa kwenye benchi la wanafunzi, nimewazidi wote kimo, na kanisa zima likiniona. Nilidhani mama ananiadhibu kwa kosa ambalo hajanitajia. Siku hizi nikishika pasi, ya umeme isiyo na majivu, natamani asimame hapo mlangoni anifokee kwamba nimeruka rinda.

Alikuwa na sheria nyingine. Omena zilifungwa kwa magazeti ya zamani, na hakuna gazeti lililofunga samaki kabla sijalisoma. Mteja angesimama na pesa mkononi, na mama angemwambia, "Ngoja kidogo, mwanafunzi amalize." Wengine walikasirika. Wengine waliniuliza gazeti linasema nini, nikawasomea, na kuna mzee mmoja aliyekuwa akinunua omena kidogo kidogo ili tu asikie mambo ya bunge.

Mwaka wa pili ulipoingia bila habari yoyote, shangazi yangu, dada ya baba aliyeolewa upande wa Macalder, alitutembelea na soda, sukari na mwanamume. Shangazi alikuwa jagam, yaani mshenga, na mwanamume aliyemleta kunichumbia hakuwa mtu mbaya. Alinunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo wa huko, alikuwa na pikipiki, na alivua kofia alipoingia. Ningemchukia kwa urahisi zaidi kama angekuwa mlevi.

Nilikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulipitisha kila neno.

"Ndugu yangu," shangazi alisema, "wenzake wana watoto. Huyu mnamweka hapa mpaka lini? Hicho chuo kikuu mmekiona wapi?"

 Baba naye alikuwa amechoka kungoja, nilijua. Mara mbili alikuwa amemwuliza mama polepole, wakidhani nimelala, kama pengine serikali imetusahau. Sasa alikohoa, akaanza, "Mimi sina neno kubwa la kupinga..." Nikakaa juu ya kinu.

Mama aliingia jikoni, akanipa trei ya chai na kitabu cha hesabu, akakibana kwapani mwangu. Alinikagua kuanzia kola hadi soksi. "Ingia," alisema. "Usiseme kitu."

Niliingia na sare yangu. Nikaweka trei, nikapiga goti kusalimia kama mtoto wa shule. Baba alinitazama kana kwamba hajaniona miezi mingi. Mwaka huo huo alikuwa amesimama mbele ya kanisa, mimi nikiwa kwenye lile benchi, akawakemea wazazi wanaowaoza wasichana walio shuleni, na watu wakaitikia amina. Nikaelewa hapo hapo, kitabu kikiwa bado kwapani, kwamba mama alikuwa ameushona mtego huu kila Ijumaa kwa pasi.

Mgeni ndiye aliyesema kwanza. Alisema kwa Kiswahili, kile cha biashara. "Kumbe bado anasoma? Mimi niliambiwa amemaliza."

"Iko likizo," mama akajibu.

"Likizo ya miaka miwili, mama?"

"Serikali ndio imepanga. Enda uliza wao."

Baba alisafisha koo mara ya pili. "Mtoto wa shule sitamwoza," alisema. "Nitasimama wapi kanisani?" Yule mwanamume akanywa chai yake, akavaa kofia, akaniombea heri katika masomo. Shangazi hakuongea na mama mpaka mavuno.

Habari ya nafasi zetu ilipokuja, mwalimu mkuu wetu alimtuma mtu kutoka Homa Bay. Mama alikuwa anapima. Alimaliza kupima, akamwongezea mteja viganja viwili bure, jambo ambalo soko zima lilisimuliana. Kisha alijifunika uso kwa leso na kulia, nami nikalia, na wale vijana wa mizigo wakaja kunishika mkono. Nilipoondoka nilivaa gauni jipya. Sketi niliiacha imetundikwa kwenye msumari.

Chuoni nilimshikia rafiki yangu kitanda cha karibu na dirisha. Jina lake lilikuwepo kwenye ubao wa kozi yetu, nililiona kwa macho yangu. Kila msichana aliyeingia na sanduku nilisimama. Baada ya wiki kitanda kikapewa mwingine. Msichana wa Kuria aliyekuwa mwaka wa tatu ndiye aliyeniambia kwamba rafiki yangu aliolewa kule kwao Ntimaru katika mwaka wa pili wa kungoja, na sasa ana mtoto. Nilikwenda ofisi ya usajili, nikazungushwa, nikarudi tena. Waliniambia nafasi yake ingeweza kushikiliwa mpaka kundi la mwaka unaofuata liingie, mwezi wa tisa, akija mwenyewe. Baada ya hapo ingekuwa imepotea.

Likizo ya kwanza nilimsimulia mama tukichambua omena. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama yake hakumvalisha sare?" aliuliza.

"Sare yake nilikuwa nayo mimi," nikasema. "Sketi ile ni yake."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo.  Alinawa, akaenda kuitoa sketi kwenye msumari, akaifua ingawa ilikuwa safi. Kesho yake tulipita Migori, akanunua kitambaa cha kijani kinachokaribia rangi ile, na tukaenda Ntimaru.

Rafiki yangu alikuwa anaanika mahindi. Aliponiona aliangusha ungo, tukashikana, nikamnong'oneza kwamba nafasi yake bado ipo na siku yake ya mwisho, na mtoto wake aliyekuwa mgongoni akaangua kilio kwa kubanwa. Mume alikuwa ng'ambo ya mpaka kwa biashara. Aliyekuwepo ni mama mkwe, bibi mrefu mwenye macho makali, ambaye alitupa viti na kusubiri tuseme shida yetu. Hakujua Kijaluo. Mama hakujua Kikuria. Ikabidi wakutane kwa Kiswahili, kama tulivyokutana sisi.

"Mama," mama yangu alisema, "huyu ni mwanafunzi."

"Huyu ni bibi ya mtoto yangu."

"Sawa, ni bibi. Lakini ni mwanafunzi. Iko likizo tu."

Mama mkwe alicheka kidogo, bila kutaka. Mama hakungoja. Alimpa rafiki yangu sketi, akamwambia aivae juu ya kanga. Kifungo hakikufika. Rafiki yangu aliitazama ile nafasi kati ya kifungo na tundu lake, akageuza uso pembeni, na machozi yakamtoka kimya kimya. Mama alikwisha kupiga magoti. Alitoa sindano kwenye kola yake, akafumua mshono wa kiuno, akaanza kuingiza kile kitambaa kipya, pale pale kwenye uwanja wa watu, majirani wakisimama kwenye ua kutazama.

"Na huyu?" mama mkwe akauliza, akimwonyesha mtoto, ambaye sasa nilikuwa nimempakata mimi.

"Huyu atakaa na nyanya yake," mama alisema bila kuinua kichwa. "Nyanya ni ya nini?"

 Bibi yule alikuja akamchukua mtoto kwangu, akamweka begani, akampigapiga mgongo. Alimtazama mke wa mwanawe aliyesimama wima huku ameinua mikono ili mama apate nafasi ya kushona.

"Hiyo likizo," alimwuliza, "inaisha lini?"

Sote tulimtazama, hata mama. Rafiki yangu alijipangusa uso kwa kiganja.

"Mwezi wa tisa," akasema.

Mama akakata uzi kwa meno, akamwambia ageuke tuone nyuma.